Fremu ya Nyuma ya Mlango

Nyaishozi, dukani, mchana

Kemilembe mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Igurwa kumuaga bibi yako, na pamoja na hasira zote ulizokuwa nazo, shikamoo hukuikosa. Umeuamkia mlango, si mimi, lakini umeamkia. Nami nimeitika marahaba huku nikizitazama fulana za kwaya nilizokuwa nakunja. Ndiyo matokeo ya kukaa nyumba moja watu wawili wenye vichwa vigumu.

Basi lako la kwenda chuoni ni kesho alfajiri. Mambo ya soksi, chandarua na kutomwamini mtu anayekuomba umshikie mzigo, shangazi yako ameshakuimbia wiki nzima, mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, lile tulilogombania jana. Nimejaribu kulisema kwa mdomo nikashindwa, maana kila nikifungua kinywa inatoka hasira, na hasira ile, mwanangu, ni woga tu. Naogopa. Nimeogopa tangu siku uliponichora, na leo nimeona ni afadhali niandike kabla hujarudi ukanikuta nimenuna tena.

Chuo kilipowaagiza kila mmoja aje na wazo lake la kuchapa kwa fremu, kazi hiihii yangu, pamoja na michoro inayoonyesha wazo lilivyoanza na lilivyokua, nilifurahi kuliko wewe. Nilijua wenzako wataishika raba ya kuvutia wino kwa mara ya kwanza hukohuko, na wewe umekulia kwenye harufu yake. Ukaanza kubandika karatasi zako ukutani hapa, juu ya meza ya kukaushia. Ikaja kahawa, tawi lenye matunda mekundu. Nikasifu. Wakaja ng'ombe wa pembe ndefu. Nikasifu. Ikaja mikono ya bibi yako ikisuka mkeka, nayo nikaisifu. Wewe ukawa unasimama mbele ya ukuta unaguna.

"Hizi zote ni kalenda, Tata," ukasema.

Moyoni nikajiuliza kalenda ina ubaya gani. Kalenda haijawahi kumdhuru mtu.

Ndipo ukaanza kunichora mimi. Na ulianza lini? Wiki ileile niliyotoka hospitali. Nilikuwa nimeanguka hapahapa, kati ya meza na ndoo ya maji, na wewe ndiye uliyenikuta. Daktari akasema presha, akanipa vidonge, akanikataza chumvi na kunyanyua vitu vizito. Nimerudi nyumbani naona hata ngazi ya kizingiti inanitazama vibaya, halafu nainua macho ukutani nakuta uso wangu. Siku ya pili nyuso mbili. Siku ya tatu kahawa imeondolewa, ng'ombe wameondolewa, ukuta mzima ni mimi.

Unaijua kazi inayotulisha. Kwaya, shule, kipaimara na misiba. Nyuso ninazochapa ni za marehemu. Mtu mwenye uhai wake haji hapa kuomba sura yake ikae kifuani kwa jirani, labda awe mgombea. Nimeshachapa nusu ya watu wazima waliozikwa upande huu wa barabara, na kila mara inakuwa ni haraka, jeneza linasubiriwa, ndugu wananiletea kitambulisho cha kura kilichokunjika na kusema, "Fundi, mtoe hapo." Ninamtoa. Nimewatoa watu kwenye vitambulisho mpaka nimezoea kuamini kwamba mtu akishafika kwenye fremu yangu, safari yake imekwisha. Sasa wewe jana unanieleza, sauti imetulia kama unanipa habari za mvua, "Tata, wazo langu ni wewe. Nataka nikuchape." Ulitaka nifanye nini, nipige vigelegele?

Nilichofanya hakikuwa kizuri. Nilikuambia, "Kumbe unaniandaa mapema. Kachore kahawa." Kisha nikabandua karatasi zako moja moja nikazitupa kwenye boksi. Nilimwona mwanangu amesimama na mikono imelegea, nami nikaendelea kubandua.

Nikueleze kwa nini neno hilo la kuandaa mapema lilikuwa karibu hivyo mdomoni. Hadithi ya Mzee Byarugaba wa Kiruruma unaijua, kila mtu hapa senta anaijua, na huwa inasimuliwa kama kichekesho. Mimi mwenyewe huisimulia hivyo. Leo nakupa na ule upande usiochekesha.

Wanawe walikuja kutoka Bukoba, wafanyabiashara, wamevaa vizuri, wana haraka. Wakasema baba yao yuko hospitali na hali yake si ya kurudi. Hawataki kuja kuhangaika dakika za mwisho, kwa hiyo nichape fulana kabisa, tarehe nitaiongeza ikifika. Mwili ulinisisimka. Nilijua kwamba jambo hilo halifanywi. Hata migomba, hakuna anayekata majani ya kutandika matangani kabla mtu hajakata roho. Lakini mmoja akasema taratibu, "Kama hutaki fundi, Kayanga wapo wanaochapa." Nikaogopa kupoteza wateja wa mjini, nikasema nitafanya. Niogope kukubali, niogope kukataa. Nikachagua woga uliokuwa karibu.

Nilichapa. Mzee naye akapona.

Wanawe hawakurudi kuchukua mzigo wala hawakupokea simu. Nikautia kwenye gunia, nikalisukuma chini ya meza. Na sasa sikiliza upumbavu wa fundi. Unajua sisi nguo iliyoharibika haitupwi, inakuwa tambara. Fulana ya kwanza ya mzee yule ilikuwa imechafuka wino pembeni, nikaichana kipande, nikawa nafutia raba. Mkono ulifanya kwa mazoea, kichwa hakikuwepo. Siku moja anaingia mzee mwenyewe, fimbo mkononi, amekuja kuuliza nguo za kipaimara cha mjukuu wake. Ananiamkua, anazungumza habari za mibuni, kisha macho yake yanatua mezani. Uso wake umelala pale, shavu moja limejaa wino wa kijani.

"Huyu ni mimi?" akauliza.

Nikasema, "Ni wewe, waitu, mzee wangu."

"Nimekufa lini?"

Watu wakifika hapo hucheka. Mimi sikucheka, Kemi. Nilipiga magoti kwenye sakafu ile yenye matone ya wino, nikamweleza yote, wanawe, Bukoba, gunia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hebu nipe iliyo nzima." Nikadhani anataka ushahidi wa kupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaivaa palepale juu ya shati lake, akajitazama, akaivuta chini kifuani ikae sawa. "Hii nitaichakaza mimi mwenyewe," akasema. "Wale wakinihitaji watatafuta nyingine."

Yupo mpaka leo. Anapalilia maharage na fulana yake, na ukipita Kiruruma utamwona, ingawa kwenye uso wa fulana hiyo yamebaki masharubu tu. Watu wanaona ajabu ya mzee. Mimi kila nikimwona naona mkono wangu na lile tambara. Zile zilizobaki kwenye gunia nilizichoma nyuma ya kibanja, na moshi wake ulinifuata mpaka ndani ya nyumba. Tangu hapo nikaapa sitagusa sura ya mtu anayepumua. Basi usishangae jana.

Lakini wewe hukunijibu kwa kiburi, ndilo lililonichoma. Ulisema, "Wale walitaka picha ya kuzikia, Tata. Mimi nataka picha yako ukiwa kazini. Sitaki siku hiyo mtu aje akutoe kwenye kitambulisho au picha ya watu." Kisha ukasema kwa sauti ya chini, "Kama Mama."

Hapo ndipo nilipokufukuza dukani. Na hapo ndipo inanibidi niingie sasa, ingawa nimezunguka karatasi mbili nikipakwepa.

Mama yako alikuwa hapendi kupigwa picha. Alipofariki ulikuwa darasa la pili, na nyumba nzima hatukuwa na picha yake ya kufaa. Ilipatikana moja, ya harusi ya watu, mama yako Adventina yuko nyuma amebeba sinia la ndizi, na bega la mwanamume mmoja limefunika nusu ya uso wake. Wenzangu walisema fulana zikachapwe kwingine, mfiwa hafanyi kazi. Nilikataa. Nikasema mke wangu hatashikwa na raba ya mtu mwingine. Nikaukata uso ule, nikaukuza, na ile nusu iliyofunikwa na bega nikaichora kwa mkono wangu, kwa kukumbuka. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile, nikadhani namjua. Kalamu ilipofika kwenye shavu, nikagundua sijui shavu linavyoteremka. Sijui sikio limekaa juu au chini. Nilikuwa nimemtazama kila siku bila kumwangalia. Nikachora shavu tu, la mtu yeyote.

Nilipompa bibi yako fulana yake, aliishika kwa ncha mbili, akaitazama. Akasema, "Huyu si mwanangu." Halafu akasema, "Lakini nipe, nivae."

Ndiyo ile anayoitunza kwenye sanduku Igurwa. Huenda leo amekutolea. Nawe umekua ukijua huyo ndiye mama yako, ukaniuliza siku moja mwanya wake ulikuwa upande gani, nikakujibu haraka haraka "katikati" na kukutuma maji. Sikujua. Kilichonitisha zaidi ni kwamba baada ya mwaka mmoja hivi, nami nikifumba macho nilikuwa naiona fulana. Ule uso wa wino mweusi, nusu wake na nusu wangu, ulikaa juu ya uso wake wa kweli ukaufunika kabisa. Sikumwambia mtu. Utamwambia nani kwamba umempoteza mkeo mara ya pili, tena kwa mkono wako, ukiwa kazini?

Kwa hiyo uliposema unataka kunichapa nilisikia mambo mawili. Nilisikia msumari wa jeneza, na nilisikia kwamba hata wewe, siku moja, utafumba macho utafute baba yako na utakuta wino. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha zaidi, kuliko hata presha.

Sasa nikueleze la leo.

Ulipoondoka nilikwenda kwenye lile boksi ili nizinyooshe karatasi zako. Sikutaka uzikute zimekunjika, basi, hiyo tu ndiyo nia yangu. Nikazipanga mezani. Za mwanzo, nisamehe, ni kalenda kama ulivyosema mwenyewe: mzee mwenye kofia, anatazama mbele, ana heshima zake, angeweza kuwa baba wa mtu yeyote. Katikati umefuta sana, karatasi imechubuka. Ila ile ya mwisho, ambayo nimeinama kwenye fremu navuta raba, hiyo nilikuwa sijaiangalia. Jana niliibandua nikiwa nimegeuza uso.

Umenichora mdomo umepinda.

Nikasema moyoni, mtoto huyu ananitania. Nikaenda kwenye kile kioo kidogo cha dirishani, nikashika raba kavu, nikavuta kama ninachapa. Kemi, mdomo wangu unapinda! Unakwenda kushoto kama mtu anayepiga mswaki. Miaka yote hii ninachapa na mdomo wangu unanifanyia hivyo mbele ya wateja, na hakuna aliyeniambia.

Halafu nikakumbuka kwamba yupo aliyeniambia. Mama yako alikuwa anasimama upande ule wa pili wa meza, akinipokea fulana mbichi za kwenda kuanika, na kila nikivuta raba alikuwa ananiigiza. Alikuwa anaupinda mdomo wake kushoto, jicho moja linafumba, mpaka fulana inamponyoka. "Fundi wa mdomo," alikuwa ananiita. Nimemwona. Nimemwona yeye, si fulana. Shavu lake linaingia ndani kidogo hapo chini, na mwanya uko upande wa kulia, mwanangu, ule uliokuwa ukionekana akiniigiza. Umeniuliza ukiwa mdogo, nakujibu leo. Ni kulia.

Nilikaa kwenye kile kigoda nikalia bila kujizuia, na jirani wa duka la pembejeo akaja kuuliza kama ni presha.

Kwa hiyo wewe hukuwa unaniandaa. Ulikuwa unaniangalia, jambo ambalo mimi sikumfanyia mama yako akiwa hai na kuweza kunisahihisha. Mimi nimekuwa fundi wa mawazo ya watu. Kwaya wanaleta njiwa, nachapa njiwa; shule wanaleta mwenge, nachapa mwenge. Sikuwahi kubandika karatasi ukutani nikaiangalia na kuguna kama unavyofanya wewe. Kama mwalimu wako atauliza mbona michoro ya mwanzo ni mibaya, usiifiche. Mwonyeshe na ile iliyochubuka. Ningekuwa mwalimu ningependa kuona hasa hiyo, mahali ulipokaribia kukata tamaa na ukaendelea kufuta.

Unaifahamu ile fremu ndogo ya mvule inayoning'inia nyuma ya mlango, ambayo nimekuwa nikikugombeza ukiigusa. Uliwahi kuniuliza ni ya kazi gani nikasema ni ya akiba. Si ya akiba. Mama yako alimwagiza seremala aitengeneze, akaja nayo hapa kwenye kanga, akasema, "Hii si ya wateja. Hii ni ya vitu vyako." Nilishukuru, nikaitundika, na sikuipaka dawa ya kushikia picha hata siku moja, maana kila nilipotaka kuanza niliwaza, kitu changu kipi? Kikiharibika je? Wakicheka? Alifariki fremu ikiwa tupu. Ndiyo hiyo niliyokuwa nailinda kwa ukali wote ule, utupu wa fremu.

Leo nimeitungua. Nimefuta vumbi, nimevuta kitambaa kipya mpaka kikalia kama ngoma, nimekipaka dawa kwenye kile chumba cha giza. Mchoro wako sikuuchezea. Nimeunakili kwa wino mweusi, mstari kwa mstari, na nakala nimeipaka mafuta ya kupikia ili mwanga upite, kama ulivyoona nikifanya tangu mdogo. Nikailaza juu ya fremu, nikaweka kioo, nikaitoa uani jua liigandishe dawa pasipo na mistari. Jua la leo ni la kubahatisha, mawingu yanapita pita juu ya migomba, na mimi nimesimama pale nikiyahesabu. Nimeogopa litatosha au halitatosha. Nimeogopa nitakapoimwagia maji niukute uso wangu, na nimeogopa nisiukute.

Maji yamepita, uso umetokea. Nimeinua fremu juu nikaangalia mbingu kupitia kwangu mwenyewe. Si jambo la kupendeza, sikudanganyi. Nimeona mawingu yakipita kwenye paji la uso wangu na mwili ukasisimka kama siku ile ya watoto wa mzee. Lakini mdomo umepinda sawasawa, na maiti hapindi mdomo akifanya kazi.

Nimeifunga fremu kwenye ile kanga ya mama yako na kuilaza chini kabisa ya begi, chini ya blanketi. Karatasi zako zote ziko juu yake, zimenyooshwa. Wino wa kuchapia sijaugusa. Rangi utachagua wewe, na ukiona huko kwamba wazo linataka kwenda kwingine, liache liende, fremu unaweza kuichora upya, mimi sitanuna. Nitanuna kidogo.

Woga haujaniisha. Kesho basi likipinda kona nitaanza kuhesabu vidonge vyangu na kutazama simu. Nitaogopa isilie, nitaogopa ikilia. Kama siku yangu ikifika ukiwa mbali, na watu wakaanza kupekua sanduku wakitafuta kitambulisho, uwaambie waache, picha unayo. Nimeliandika hilo na kalamu haikuvunjika. Nilidhani itavunjika.

Ila isiwe hiyo kazi yake ya kwanza. Nakuomba kitu kimoja, na ndiyo maana ya barua yote hii ndefu. Ukishachapa za mwalimu, chapa na fulana moja, kitambaa kizito, kisichopauka upesi. Uje nayo Krismasi. Mibuni ya nyuma ya nyumba itakuwa imejaa magugu, na nataka niipalilie nimeivaa, mbele ya majirani wote, mpaka ibaki masharubu tu. Ya kwanza nitaivaa mimi.

Saizi yangu unaijua.

Baba yako,
Fundi wa mdomo